SOMO: Vifaa vya mchezo wa lakrosi na kinga za mwili



Wengi wenu mmekwisha kuziona zile fimbo zenye wavu kichwani, zilizofika kituo cha vijana ndani ya maboksi ya msaada. Mzee mmoja mvuvi, mwenyeji wa huku Nchelenge, aliposhika moja siku ya kwanza aliigeuza mara mbili, akauliza ni wavu gani huu wa kuvulia samaki mmoja mmoja. Tulicheka sana. Lakini yeye angalau aliuliza. Sisi wengine hatukuuliza.

Naandika somo hili kwa sababu ya jambo lililotokea wiki ya pili baada ya maboksi kufunguliwa. Mpira ulipita golini ukampata binti wa miaka tisa aliyekuwa amesimama nyuma akiangalia kaka zake. Ulimpiga juu kidogo ya jicho. Alishonwa kliniki, na jicho lilivimba likafumba siku nne. Leo anaona vizuri na amerudi shuleni, tunamshukuru Mungu. Aliyegawa fimbo na mipira siku hiyo ni mimi. Maboksi mengine mawili niliyaacha stoo yamefungwa, kwa kuwa nilipochungulia sikuelewa vile vitu vilikuwa vya kazi gani. Vilikuwa kofia ngumu, glavu, miwani ya waya na kinga za kifua. Tangu siku ile nimesoma na kuuliza, na haya ndiyo niliyojifunza.

Mchezo wenyewe

Lakrosi ni mchezo wa wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini, hasa watu wanaojiita Haudenosaunee. Walikuwa wakiucheza karne nyingi kabla ya wazungu kufika kwao, kwa fimbo ya mti mgumu iliyopindwa na mpira wa ngozi ya paa. Mwaka 1867 daktari wa meno wa Montreal, nchini Kanada, aitwaye W. George Beers, aliandika kanuni na kuweka mpira wa raba mahali pa ule wa ngozi. Kwa Afrika, timu ya kwanza kufika mashindano ya dunia ya lakrosi ilikuwa Uganda, mwaka 2014 huko Denver, Marekani. Mwaka 2028 mchezo huu umepangwa kuwamo katika Olimpiki ya Los Angeles, kwa namna fupi ya wachezaji sita kila upande. Kwa hiyo si mchezo wa kuchezea watoto, na fimbo zile si za kupigana wala za kuchunga mbuzi.

Mpira

Ukitaka kuelewa kwa nini mchezo huu una kinga nyingi, anza na mpira. Tazama ukubwa wake: ni kama mpira wa tenisi, hata mdogo kidogo. Sasa ushike. Mpira wa tenisi una hewa ndani na hauzidi gramu 60. Mpira wa lakrosi ni raba tupu hadi katikati, na uzito wake ni gramu 142 hadi 149, karibu mayai matatu makubwa ya kuku. Ukiuachia kutoka kimo cha mita 1.8 juu ya sakafu ya mbao, unarudi juu zaidi ya mita moja.

Kisha fikiria kwamba mpira huo haurushwi kwa mkono. Fimbo inaurefusha mkono wako, na mkono mrefu hutupa kwa nguvu zaidi, kama kombeo mnavyolijua. Wachezaji wakubwa wa kiume hurusha kwa zaidi ya kilomita 140 kwa saa. Vijana wetu hawajafika hapo, lakini hata nusu ya mwendo huo yatosha kuvunja jino, kidole au mfupa wa shavu. Mpira wa miguu ukikupiga usoni unauma, ila ni mpana na una hewa, nguvu yake inasambaa. Huu mdogo nguvu yake yote inaingia mahali pamoja. Jicho lina kuta za mifupa pande zote za kulilinda na vitu vikubwa, lakini kitu kidogo na kigumu kinaweza kupenya kati ya mifupa hiyo.

Fimbo

Fimbo ina mpini, kichwa, na wavu uliofungwa kichwani ukafanya mfuko. Zamani vichwa vilikuwa vya mbao. Kuanzia mwaka 1970 vikaanza kutengenezwa vya plastiki, na mpini siku hizi ni wa bati jepesi au mchanganyiko wa nyuzi ngumu. Kwa wanaume fimbo fupi ni kama sentimita 102 hadi 107. Walinzi wanaruhusiwa ndefu, hadi sentimita 183, yaani kuliko kimo cha wengi wetu. Fimbo ya wanawake iko kati ya sentimita 90 na 110, na mfuko wake hauna kina kirefu. Golikipa ana kichwa kipana kuliko wote.

Sehemu ya hatari katika fimbo ni ile ambayo watu hawaitazami: mwisho wa chini wa mpini. Mpini una tundu ndani kama bomba, na ukingo wake unakata. Ndiyo maana kanuni zinadai mwisho huo uzibwe kwa kifuniko cha raba au ufungwe utepe mnene. Katika fimbo 22 tulizopokea, saba hazikuwa na kifuniko. Tumezifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli na utepe juu yake. Ukikuta ya kwako imefunguka, acha kucheza, uilete.

Michezo miwili, kinga mbili tofauti

Hapa ndipo watu wengi wanachanganyikiwa, na hata mimi ilinichukua muda. Lakrosi ya wanaume na ya wanawake ni kama michezo miwili yenye jina moja.

Wanaume wanaruhusiwa kugongana. Anayelinda anaweza kumsukuma mwenye mpira kwa mwili, kutoka mbele au ubavuni, chini ya shingo na juu ya kiuno, na anaweza kuipiga fimbo yake ili mpira udondoke. Kwa hiyo mchezaji huvaa kofia ngumu yenye kizuizi cha chuma usoni, kinga ya meno, glavu nene, na kinga za mabega na mikono.

Wanawake hawaruhusiwi kugongana kwa mwili. Kanuni zao zimechora duara la kuwaza tu kuzunguka kichwa cha kila mchezaji, sentimita 18 pande zote, na fimbo ya mpinzani haitakiwi kuingia humo. Tena anayelinda haruhusiwi kusimama tu kati ya mpigaji na goli ili auzuie mpira kwa mwili wake. Kwa hiyo wao, isipokuwa golikipa, huvaa miwani ya waya na kinga ya meno, basi. Kanuni na kipenga cha refa vinafanya kazi ambayo kwa wanaume inafanywa na kofia. Nchini Marekani miwani hiyo ikawa ya lazima mwaka 2005, na baada ya hapo majeraha ya macho yakapungua sana.

Sasa mtaelewa kosa letu la wiki ya pili. Vijana walicheza kwa kugongana kama wanaume, na wakavaa kidogo hata kuliko wanawake. Hawakuvaa kitu.

Kofia ngumu

Kofia ya lakrosi ina ganda gumu nje, sponji ndani, kizuizi cha chuma mbele, na mkanda wa kidevuni unaofungwa mahali panne. Ganda linasambaza pigo, na sponji inalipunguza. Kofia ikicheza kichwani haifanyi kazi yoyote kati ya hizo. Ukingo wa mbele ukae kidole kimoja au viwili juu ya nyusi. Funga mikanda yote minne, kisha tikisa kichwa kama unayekataa chakula. Ngozi ya paji la uso ikisogea pamoja na kofia, imekaa vizuri. Kofia ikizunguka peke yake, tafuta nyingine. Akina dada, kofia iliyowatosha wakati wa misuko haitawatosha mkifumua, kwa hiyo pimeni upya.

Kofia yenye ufa haitumiki, hata kama ufa ni kama unywele. Usiipake rangi ya mafuta, wala usiisafishe kwa petroli au tina, kwa sababu vitu hivyo hulainisha plastiki bila wewe kuona. Usiianike juani juu ya bati. Huko Marekani mafundi wanaokarabati kofia hizi hawapokei iliyozidi miaka 10 tangu kutengenezwa. Kati ya saba zetu nimezitenga mbili zenye ufa, na najua kuna waliokasirika.

Kuna vijana wa pikipiki waliokuja kuazima kofia hizi kwa safari ya Kashikishi. Ndugu zangu, hapana. Kofia hii imetengenezwa kwa ajili ya mpira na fimbo, haikupimwa kwa kichwa kinachoanguka kwenye lami. Itakudanganya tu.

Jambo kubwa zaidi kuhusu kofia ni hili: inalinda mifupa ya kichwa na uso, lakini haizuii mtikiso wa ubongo. Ubongo unaelea ndani ya fuvu, na kichwa kikitikiswa kwa ghafla unatikisika humo ndani, kofia iwepo isiwepo. Kijana akipigwa au kuanguka, kisha akawa na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutoona vizuri, au akauliza mara tatu ni nani aliyefunga goli, huo ni mtikiso. Siku hiyo hachezi tena, hata akisema amepona, hata kama timu inapungukiwa. Akitapika mara nyingi, akisinzia usingizi usio wa kawaida, akipata degedege, akipoteza fahamu, au mboni moja ikawa kubwa kuliko nyingine, msimpeleke nyumbani kulala. Mpelekeni kliniki usiku huo huo. Wahudumu wa kliniki ndio wataamua kama anahitaji kufika hospitali ya Mtakatifu Paulo, Kashikishi.

Meno

Kinga ya meno ni plastiki laini. Inatiwa katika maji ya moto kidogo, inapoozwa kwa sekunde chache, kisha unaiuma ichukue umbo la meno yako. Ndiyo maana ni ya mtu mmoja. Haiazimwi kwa rafiki wala kwa ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa inabeba mate na mara nyingine damu. Katika maboksi zilikuwamo zilizokwisha kutumika na zilizo ndani ya karatasi zake. Zilizotumika nimezitupa.

Kifua

Sehemu hii naomba wazazi waisome pole pole, au wasomewe.

Mpira ukimpiga mtoto kifuani juu ya moyo, mara chache sana lakini kweli, moyo unaweza kusimama. Si kwa sababu kifua kimevunjika. Mara nyingi hapaonekani hata alama. Moyo hupiga kwa mpangilio, na katika kila pigo kuna kipande kifupi sana cha sekunde ambapo ukigongwa mpangilio huo unavurugika, moyo unatetemeka badala ya kusukuma damu. Wengi waliokumbwa na jambo hili ni wavulana wa umri wa shule, wenye afya, ambao kifua chao bado ni chembamba na laini. Anapigwa, anatembea hatua mbili tatu, anaanguka.

Huko Marekani, baada ya vifo vya namna hiyo, walitengeneza kipimo maalumu cha kinga za kifua. Kinga iliyofaulu ina alama ya NOCSAE ND200. Ikawa ya lazima kwa magolikipa mwaka 2021, na kwa wachezaji wengine wa kiume mwaka 2022. Hata hiyo inapunguza hatari, haiimalizi. Kinga zetu nne za mabega na ile moja ya golikipa nimezitazama zote ndani na nje. Hakuna hata moja yenye alama hiyo, ni za zamani.

Mtu akianguka hivyo akawa haitiki na hapumui kama kawaida, msimmwagie maji wala msimketishe. Mmoja akimbie kliniki. Mwingine amlaze chali, aweke kiganja kimoja juu ya kingine katikati ya kifua, akandamize kwa nguvu na kwa haraka, ashuke kama sentimita tano kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha. Mkichoka mpokezane. Kijana akiamka akawasukuma, hapo ndipo mtaacha. Kliniki wametuahidi mhudumu wa kutufundisha kwa vitendo, na nimeomba makocha wa mpira wa miguu na wa netiboli waje pia.

Mikono, mabega, miguu

Glavu ni nene kwa sababu fimbo ya mpinzani inapigwa karibu kabisa na vidole. Kanuni zinakataza kukata ncha za vidole au kiganja cha glavu. Najua joto la hapa na najua mtu hutamani kuusikia mpini, lakini kidole gumba kikivunjika hutalima msimu mzima. Tuna jozi sita, na tatu za mkono wa kushoto tu zisizo na mwenzake, sijui nani alifunga boksi lile.

Kinga za mabega hazina mengi ya kusema. Viatu ndiyo, maana fimbo nyingi huishia chini, vidoleni, hasa watu wawili wakigombea mpira unaobiringika. Peku na kandambili hatutaruhusu. Kinga za ugoko si za lazima katika lakrosi kwa mchezaji wa kawaida. Ni mpira wa miguu ndio unaozidai, tangu mwaka 1990. Wanaochomeka vipande vya boksi ndani ya soksi siku ya mechi wajue kwamba tuna jozi chache za kuazima.

Golikipa

Golikipa ndiye anayesimama makusudi mbele ya ule mpira nilioueleza. Anahitaji kofia yenye kipande cha kuning'inia mbele ya koo, kinga ya kifua, glavu zenye kidole gumba kilichoimarishwa, na kwa wavulana kinga ya sehemu za siri, wala hakuna haya katika hilo. Seti yetu ni moja, na kipande cha koo hakimo. Nimeulizwa kama mafundi cherehani wetu hawawezi kushona cha ngozi. Wanaweza kushona, lakini hatuna njia ya kukipima isipokuwa kwa koo la mtoto wa mtu. Kwa hiyo kwa sasa hatuna golikipa.

Tutakavyocheza

Baada ya kuhesabu vyote, tulikaa na kamati ya vijana na wazazi kadhaa, akiwamo mama wa yule binti. Alikuja na maneno machache. Alisema hataki fimbo zichomwe, kwa kuwa wanawe wamekaa miaka bila kitu cha kuwakusanya jioni. Anachotaka ni kujua nani atasimama pale.

Tulikubaliana tucheze kwa mpira wa tenisi, ambao nchi nyingi huwafundishia nao wanaoanza, na wote, wasichana na wavulana, wafuate kanuni ya kutogongana. Magoli yatakuwa madogo, hayana golikipa. Mpira mgumu utatumika kwa mazoezi ya kupasiana tu, kwa watu tisa, kwa sababu miwani iliyo salama ni tisa. Wa kumi anasubiri. Nyuma ya magoli tutavuta kamba, na hakuna mtoto wala mtu mzima atakayesimama nyuma yake. Jina la mtu mzima anayesimamia litaandikwa ubaoni kila jioni, na wiki hii ni langu.

Kofia na miwani zifutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni laini kila baada ya kutumika, na zikaushwe kivulini, kwa ajili ya jasho na mapunye. Mwenye mapunye atibiwe kwanza, hakuna atakayemcheka.

Nyavu za fimbo tisa zimelegea au zimekatika, na mpira hautulii ndani. Yule mzee mvuvi ameona tulivyohangaika akasema kazi hiyo kwake ni ya dakika kumi. Atakuja Jumamosi saa tisa mchana kuwafundisha kufunga mfuko wale wanaotaka. Uzi wa nailoni tulio nao ni mdogo, kwa hiyo mwenye mabaki ya nyavu chakavu alete.